Nani Alipima, Wapi na Lini? Mwanafunzi wa Nakawa Mbele ya Utafiti wa Ikolojia

Kazi yenyewe huandikwa kwa sentensi moja: tafuta makala tano za ikolojia kutoka majarida yanayopitiwa na wataalamu, ziandikie muhtasari, lete wiki ijayo. Mwanafunzi wa sayansi katika chuo chochote cha Afrika Mashariki ameshaipata kazi ya namna hiyo, na wengi huimaliza usiku mmoja. Anafungua intaneti, anaandika maneno mawili matatu, anachukua makala tano za kwanza zinazofunguka bila malipo, anasoma ikisiri peke yake, anageuza maneno kidogo, basi. Mhadhiri mwenye rundo la karatasi mezani naye anatazama kama marejeleo yamepangwa sawasawa, anatia alama, anaendelea na rundo.

Kazi hii inastahili heshima kubwa kuliko hiyo. Ndipo mwanafunzi anapojifunza, au anapokosa kujifunza, jinsi sayansi inavyofikia kusema kwamba inajua jambo. Muhtasari usiosema nani alipima, alipima nini, wapi, lini na kwa njia gani, haujafupisha utafiti wowote. Umebeba tangazo lake tu. Kasoro hiyo haiishii darasani: mwanafunzi wa leo ndiye ofisa mazingira wa kesho, na ripoti atakayomwandikia waziri itafanana na mihtasari aliyozoea kuandika chuoni.

Nakawa inafaa sana kwa kulichambua jambo hili. Ni mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, na ndani yake taasisi za maarifa zimesogeleana na mazingira yanayochunguzwa. Juu ya kilima kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu. Karibu na soko na barabara ya Jinja iko Shule ya Biashara ya Makerere, iliyopo tangu 1997. Ntinda kuna Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ambako mtafiti hupitia kupata kibali. Bugolobi kuna makao makuu ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Ukishuka Luzira unafika Port Bell, bandari ya Ziwa Victoria. Kati ya vilima vya divisheni hii vimelala vinamasi viwili vyenye jina: Kinawataka, kinachopokea maji ya Ntinda, Kyambogo na Banda, na Nakivubo, kinachopokea maji ya katikati ya jiji pamoja na majitaka yake, kisha kuyafikisha kwenye Ghuba ya Murchison. Kilomita chache kutoka hapo, katika ghuba hiyohiyo, mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kyambogo anayetaka kusoma ikolojia ya ardhioevu za mijini hana haja ya kuanza na mito ya Amerika. Kinamasi kiko chini ya dirisha lake, na kimeandikiwa makala ambazo wasomi wa mabara mengine wamezisoma. Swali ni kama yeye mwenyewe anazijua, na akizipata, atazisoma vipi.

Kwanza tukubaliane juu ya hayo “mapitio ya wataalamu”. Mwandishi hupeleka makala kwa mhariri wa jarida. Mhariri huituma kwa wasomi wawili au watatu wa fani ileile, ambao kwa kawaida hawalipwi na mara nyingi hawatajwi. Wao huuliza: sampuli zilitosha? Hesabu zilifanywa sawa? Hitimisho limezidi ushahidi? Makala hurudishwa, hurekebishwa, hukataliwa au hukubaliwa. Utaratibu huu wenyewe si wa kale kama watu wanavyodhani. Philosophical Transactions ya London ilianza mwaka 1665, lakini jarida kubwa kama Nature liliufanya ukaguzi wa nje kuwa kanuni mwaka 1973 tu. Kanda yetu nayo ina historia yake: East African Wildlife Journal ilianza mwaka 1963, na baadaye ikaitwa African Journal of Ecology, jina inalobeba hadi leo.

Mapitio hayo si muhuri wa ukweli. Ni kizuizi cha kwanza, na makosa mengine hupita. Yanachomhakikishia msomaji ni kwamba watu wenye ujuzi waliisoma kazi hiyo kabla yake wakaona inafaa kujadiliwa. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataacha kuandika “utafiti umethibitisha” katika kila aya.

Sasa tushuke kinamasini. Kuhusu Nakivubo, takwimu inayorudiwa kuliko zote ni hii: huduma ya kusafisha majitaka inayotolewa na kinamasi ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Utaikuta katika tasnifu, katika mihadhara, katika maombi ya fedha. Ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ripoti ya mwaka 1999 ya Lucy Emerton na wenzake watatu, iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Ni ripoti makini. Waandishi waliuliza: kama kinamasi kisingekuwepo, jiji lingelipa kiasi gani kuifanya kazi hiyo kwa mitambo? Wakakadiria gharama ya kupanua usafishaji wa majitaka Bugolobi, na gharama ya kukabiliana na uchafu zaidi kule Gaba. Kiwango cha chini na cha juu vinatofautiana kwa sababu njia za kukokotoa zilitofautiana.

Ripoti hiyo si makala ya jarida. Ni miongoni mwa maandishi ya mashirika na serikali, ambayo hayapiti mlango wa wapitiaji wa jarida. Je, mwanafunzi aitupe? Hapana. Aitumie, lakini aseme ni ripoti, aseme ni ya 1999, na aseme hesabu ilisimama juu ya kitu gani. Tangu mwaka huo mashamba ya mayuni na miwa yameenea, majengo yameingia kinamasini, na mtambo mpya wa majitaka umejengwa Bugolobi. Anayeandika leo kwamba kinamasi cha Nakivubo “kina thamani ya dola milioni 1.75”, kwa wakati uliopo na bila mwaka, amekosea hata kama amenakili namba bila kosa la tarakimu. Kosa hilo nimelikuta katika kazi za wanafunzi na za watu waliokwisha kupata shahada za juu, na linanikera, kwa sababu linaifanya hoja nzuri ya kukilinda kinamasi iwe rahisi kuangushwa na mjenzi yeyote mwenye wakili.

Kando ya ripoti hiyo ziko kazi za kisayansi zenyewe. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walikichunguza kinamasi hiki kwa undani katika tasnifu yao ya pamoja ya 1999 iliyotolewa Uholanzi. Mwaka 2001 Kansiime na van Bruggen wakachapisha katika Water Science and Technology makala kuhusu namna bakteria wa kinyesi wanavyosambaa na kuzuiliwa humo. Tafiti hizo zilionyesha jambo ambalo mpita njia wa Bugolobi hawezi kuliona kwa macho: kinamasi si kitu kimoja. Mafunjo yalisafisha maji vizuri zaidi kuliko nyasi za Miscanthidium, na hayo yanahusiana na jinsi maji yanavyopita na kuchanganyika chini ya mkeka wa mimea unaoelea. Reli ya Port Bell nayo inakikata kinamasi, ikaacha sehemu ya juu na sehemu ya chini zenye hali tofauti. Mwaka 2015 Fuhrimann na wenzake wakatoa makala katika Environmental Monitoring and Assessment, wakiwa wamepima vijidudu na kemikali katika maji, mashapo na udongo wa eneo hilohilo. Swali lao lilikuwa jingine: usalama wa watu wanaolima na kuishi pale.

Mwanafunzi akiziweka kazi hizi mezani pamoja, anaona kitu ambacho hakuna hata moja inayoweza kumwonyesha ikiwa peke yake. Swali limehama. Katika miaka ya 1990 watafiti waliuliza kinamasi kinasafisha kiasi gani. Miaka kumi na mitano baadaye wanauliza uchafu uliobaki humo unawafikia nani. Muhtasari unaolitambua hilo una thamani kuliko mihtasari mitano iliyosimama kila mmoja peke yake.

Nimesema “mezani” kana kwamba kuzipata ni rahisi. Si rahisi sana, ingawa si vigumu kama wanafunzi wanavyolalamika. Makala moja nyuma ya ukuta wa malipo huuzwa dola 30 au zaidi, na hakuna mwanafunzi wa Nakawa anayepaswa kuzilipa kutoka mfukoni. Zipo njia halali. Mpango wa Research4Life hufungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Uganda ikiwemo: tawi lake la afya lilianza 2002, la kilimo 2003, la mazingira 2006. Lakini mlango huo hupitia maktaba, na mkutubi ndiye mwenye nywila. Wanafunzi wengi humaliza shahada bila kumuuliza mkutubi lolote zaidi ya saa za kufunga. Upo pia mtandao wa African Journals Online, ulioanzishwa 1998 na wenye makao Afrika Kusini, unaokusanya majarida yanayochapishwa barani. Ziko hazina za kidijitali za vyuo, ambamo tasnifu za Makerere na kwingineko zimewekwa. Na iko njia ya zamani kuliko zote: kumwandikia mwandishi barua pepe fupi yenye adabu, ukimwomba nakala. Wengi hutuma, na wengi hufurahi kuona kazi yao inasomwa pale walipoifanyia.

Kutafuta kwenyewe kuna ufundi ambao haufundishwi vya kutosha. Chukua gugumaji, mmea uliokaribia kuifunga Port Bell katika miaka ya 1990. Kwa miongo mingi wanasayansi waliuita Eichhornia crassipes. Siku hizi umehamishiwa jenasi nyingine na unaitwa Pontederia crassipes. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake ataukosa karibu utafiti wote wa wakati gugumaji lilipokuwa janga ziwani, na anayetafuta kwa jina la zamani peke yake atakosa kazi za karibuni. Ghuba nayo huandikwa kwa namna zaidi ya moja, Murchison tu au Murchison ya Ndani. Hata Gaba huandikwa Ggaba. Mtafutaji mzuri huandika orodha ya majina yote kabla hajagusa kibodi. Kisha akipata makala moja nzuri, huifuata pande mbili: nyuma, kwa kusoma marejeleo yake, na mbele, kwa kuangalia nani ameitaja baadaye. Google Scholar, iliyopo tangu 2004, inaonyesha hizo za mbele kwa kubonyeza mara moja. Hapo ndipo mabishano hujitokeza, na mabishano ndiyo sehemu yenye rutuba kuliko zote.

Gugumaji lenyewe ni mfano ambao ningependa kila darasa la ikolojia Uganda liupitie. Mmea huu wa asili ya Amerika Kusini ulionekana Ziwa Kyoga na kisha Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Uliziba bandari, ukasumbua mitambo ya umeme kule Jinja, ukawafungia wavuvi njia. Mwaka 1995 Uganda iliachilia katika Ziwa Victoria fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wadogo wanaokula mmea huo na kutaga ndani yake. Kufikia 1998 picha za setilaiti zilionyesha zaidi ya hekta 17,000 za gugumaji katika ziwa zima. Kisha, ndani ya muda mfupi, sehemu kubwa ikatoweka.

Nani alilimaliza? Mwaka 2005, katika jarida la Aquatic Botany, Williams, Duthie na Hecky walitoa jibu lililowashangaza wengi: msimu wa El Niño wa 1997/98 ulileta mawingu, mwanga hafifu, dhoruba na maji kupanda, na hali hiyo ilichangia pakubwa kuliangusha gugumaji. Fukusi peke yao, walisema, hawatoshi kulieleza anguko la ghafla namna hiyo. Mwaka 2007, katika jarida hilohilo, Wilson na wenzake wakajibu kwa makala ambayo kichwa chake tu kilikuwa tangazo la vita: kupungua kwa gugumaji kulitokana na fukusi. Mmoja wa waandishi hao ni James Ogwang, aliyekuwa mstari wa mbele katika kazi ya fukusi hapa Uganda. Kurasa chache mbele, katika toleo hilohilo, Williams na wenzake wakajibu tena.

Kwa mwanafunzi aliyezoea kudhani kwamba makala iliyopitiwa na wataalamu ni neno la mwisho, jambo hili linatikisa. Pande zote mbili zilipitiwa, jarida ni moja, ziwa ni moja, mwaka wa tukio ni mmoja, na majibu hayafanani. Hapo kazi ya kufupisha inaanza kuwa kazi ya kweli.

Tazama muhtasari huu, wa aina inayoletwa sana: “Makala hii inahusu gugumaji katika Ziwa Victoria. Waandishi wanaeleza kuwa gugumaji ni tatizo kubwa kwa wavuvi na usafiri. Walifanya utafiti na kugundua kuwa limepungua. Wanapendekeza utafiti zaidi ufanyike.” Hakuna uongo ndani yake, na hakuna kitu ndani yake. Mtu angeweza kuuandika bila kuifungua makala.

Sasa tazama huu: “Williams na wenzake (2005) wanauliza kwa nini gugumaji lilitoweka ghafla Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanadai kuwa hali ya hewa ya El Niño ya 1997/98, hasa mwanga hafifu, ilikuwa sababu kubwa, na kwamba fukusi walioachiliwa tangu 1995 hawaelezi kasi ya anguko hilo. Nguvu ya hoja yao ni kwamba nyakati zinalingana: hali ya hewa ilibadilika, mmea ukaanguka. Udhaifu wake ni kwamba fukusi nao walikuwa wakiongezeka wakati huohuo, na hapakuwa na ziwa la pili la aina hii lisilo na fukusi la kulinganishia. Wilson na wenzake (2007) wanapinga, wakiwapa fukusi sifa ya kuliangusha. Kwa ushahidi uliopo, sababu hizo mbili ni vigumu kuzitenganisha.” Ni sentensi sita. Swali limo, dai limo, ushahidi umo, mpaka wa ushahidi umo, mpinzani yumo. Ni vigumu kuuandika kwa kusoma ikisiri peke yake, na mhadhiri anayeutaka ataupata.

Ningemwongezea mwanafunzi swali moja la ujasiri: waandishi hawa ni akina nani? Hecky na wenzake ni wanasayansi wa maziwa. Walizoea kusoma mwanga, maji na virutubisho. Upande wa pili umejaa wataalamu wa kudhibiti magugu kwa wadudu, na baadhi yao walishiriki kuwaachilia wadudu hao. Kuliona hilo si kumshuku mtu uaminifu. Kila fani ina macho yake, na msomaji mwema huangalia mwenzake amesimama wapi anapotazama. Kwa maoni yangu upande wa fukusi una uzito zaidi, kwa sababu kudhibiti gugumaji kwa wadudu hao kumefanikiwa katika nchi nyingine zenye hali ya hewa tofauti na yetu. Lakini naungwa mkono na ushahidi tu mpaka hapo, na mwanafunzi anayeegemea upande wa hali ya hewa kwa hoja nzuri angepata alama zilezile kwangu.

Kuna maradhi mengine yanayoziharibu kazi hizi: kutaja utafiti ambao mtu hakuusoma, kwa kumnukuu aliyeusoma. Uganda ina kisa maarufu cha aina hiyo, nacho kinatoka msitu wa Budongo. Mwaka 1947 William Eggeling, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi hapa wakati wa ukoloni, alichapisha katika Journal of Ecology maelezo ya msitu huo. Alihesabu miti katika vipande vya msitu vya umri mbalimbali: kuanzia msitu mchanga unaovamia nyika, mpaka msitu mchanganyiko, mpaka msitu mkongwe uliotawaliwa na miti ya Cynometra. Msitu wa kati, ule mchanganyiko, ulikuwa na spishi nyingi zaidi. Mwaka 1978 Joseph Connell wa Marekani, katika Science, aliitumia kazi hiyo kama mojawapo ya nguzo za nadharia yake kwamba bayoanuai huwa kubwa zaidi pale misukosuko inapokuwa ya wastani. Nadharia ikaingia vitabuni. Tangu hapo wanafunzi wa dunia nzima wanaisoma, na mchoro wake wenye nundu katikati unajulikana hata kwa wasiojua Budongo iko nchi gani.

Douglas Sheil alirudi kwenye vipande hivyo vya Eggeling katika miaka ya 1990, akavipima upya, akachapisha matokeo katika majarida kadhaa. Nusu karne ya vipimo ilionyesha kwamba mambo si manyoofu kama mchoro wa vitabuni: kulinganisha vipande tofauti kwa siku moja si sawa na kukifuata kipande kimoja kwa miaka hamsini, na historia ya watu na ya ukataji miti nayo imo ndani ya hesabu. Halafu, mwaka 2013, Jeremy Fox alipoandika kwamba nadharia hiyo iachwe kabisa, Sheil na mwenzake Burslem ndio walioandika kuitetea, wakisema imefafanuliwa vibaya. Mhakiki wa ushahidi wake akawa mtetezi wake! Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha kiada tu atakosa yote haya, naye anasoma kilomita chache kutoka Bugolobi, kwenye makao ya mamlaka inayousimamia msitu huo.

Ndiyo maana naona ni wajibu kurudi kwenye chanzo, hata kama chanzo ni cha 1947 na kinachosha. Aliyesoma Eggeling mwenyewe anaona jambo ambalo vitabu hulifuta: alikuwa akieleza msitu mmoja, katika nchi moja, kwa macho ya mtu aliyeajiriwa kusimamia mbao.

Kuhusu majarida ya ulaghai nitasema machache, kwa kuwa dalili zake zinajulikana. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, linalotoza ada bila wapitiaji, lenye jina linalofanana na la jarida kubwa, liache. Orodha ya Jeffrey Beall iliyokuwa ikiyafichua iliondolewa mtandaoni mwaka 2017. Leo ni afadhali kuangalia kama jarida limo katika saraka ya majarida huria, DOAJ, iliyopo tangu 2003, au kumuuliza mkutubi. Lakini tahadhari moja: wapo wanaoliona kila jarida dogo la Kiafrika kuwa la ulaghai. Hilo ni kosa na ni dhuluma. Jarida linaweza kuwa dogo, likachelewa kutoka, likawa na tovuti mbovu, na bado wahariri wake wakawa waaminifu.

Jipya zaidi ni programu za akili bandia. Ukiziuliza zikupe makala tano kuhusu mafunjo ya Kampala, zinaweza kukupa makala zenye waandishi wa kweli, jarida la kweli, na kichwa ambacho hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Dawa ni nyepesi: makala nyingi za kisasa zina namba ya utambulisho, DOI; iingize kwenye tovuti ya doi.org uone kama inakufikisha mahali. Isipokufikisha, itafute kwenye tovuti ya jarida lenyewe. Usiyoiona kwa macho yako usiitaje. Na hata pale makala ipo kweli, muhtasari uliotengenezwa na programu mara nyingi huondoa kilekile nilichokisema mwanzo: mahali, muda, idadi ya sampuli, na shaka ya mwandishi mwenyewe. Unabaki na sentensi laini zinazoweza kuhusu kinamasi chochote duniani.

Lipo pia suala la nani anaandika kuhusu nani. Sehemu kubwa ya ikolojia ya Uganda inayosomwa duniani imesainiwa na wageni, au na Waganda waliotajwa katikati ya orodha ndefu ya majina. Hiyo haiifanyi kuwa mbaya. Sheil aliishi na kufanya kazi hapa, na vituo kama kile cha Makerere kilichoko Kanyawara, Kibale, vimelea watafiti wa pande zote. Lakini mwanafunzi ajue kwamba kazi za Waganda zipo na zina uzito. Makala ya Richard Ogutu-Ohwayo ya 1990 kuhusu kuporomoka kwa samaki wa asili wa Victoria na Kyoga baada ya sangara kuingizwa ni miongoni mwa zinazotajwa sana katika fani hiyo. Kazi za Kansiime tumeshaziona. Na nyuma ya hizo kuna tasnifu za uzamili zilizolala kwenye rafu na kwenye hazina za vyuo, zenye vipimo vya maji ya Kinawataka au vya udongo wa Banda ambavyo huenda havitapimwa tena katika hali ile. Tasnifu si makala ya jarida, lakini imetahiniwa, na mara nyingi majedwali yake ni kamili kuliko ya makala iliyobanwa kurasa.

Kutokana na haya yote nina ombi kwa wahadhiri. Punguzeni idadi. Makala tano kwa wiki moja zinamlazimisha mwanafunzi kusoma ikisiri, na sisi wenyewe tunalijua hilo tunapoandika swali. Toeni makala mbili zinazopingana, kama zile za gugumaji, na mtake ukurasa mmoja unaosema pande hizo zinatofautiana juu ya ushahidi upi. Katika kozi inayohusu ardhioevu au maziwa, fanyeni sharti kwamba angalau kazi moja iwe imepimwa ndani ya Kampala, na mwanafunzi aende apaone mahali hapo kabla hajaandika. Nauli ya teksi kutoka Banda hadi Port Bell haimshindi mtu. Ulizeni katika kila muhtasari mwaka wa vipimo, maana mwaka wa kuchapishwa unaweza kuja miaka mingi baadaye. Na vyuo viwape wakutubi saa rasmi ndani ya ratiba ya mwaka wa kwanza, wafundishe kutafuta, badala ya kuwangoja wanafunzi waliokwama usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Kwa mwanafunzi mwenyewe nina neno fupi. Kabla ya kuandika “watafiti wamegundua”, fungua sehemu ya mbinu, tafuta walisimama wapi na mtungi wa sampuli, siku zipi, mara ngapi. Ukishalijua hilo, andika.